NAMBARI YA GARI LA UHURU

Mhariri ameniomba nieleze jinsi tulivyopata vibao vya nambari vya Land Rover la shule. Alitaka kurasa mbili tu. Nami nilipopewa kazi hiyo na kamati niliidhani ni ya alasiri moja, ikanila miezi saba. Kwa hiyo anisamehe nikizidisha.

Gari lenyewe mnalijua. Ni Land Rover la chasisi ndefu, inchi 109, la ule mtindo wa pili ulioanza mwaka 1958, na kwa miaka mingi lilikuwa limelala nyuma ya karakana ya useremala, kuku wa mpishi wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1967 lilikuwa bado likinguruma, na jambo la kwanza tuliloambiwa na wakubwa wetu, kabla hata ya kuonyeshwa choo, ni kwamba hili ndilo Gari la Uhuru. Ndilo lililowapeleka Nairobi wanafunzi kumi na mmoja wa shule hii, wakaiona bendera ya Kenya ikipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, mahali tupaitapo leo Bustani ya Uhuru, kando ya barabara ya Lang'ata. Nimelipanda gari hilo mara nyingi kwenda mechi. Nimewasimulia wanangu, na sasa wajukuu, kwamba mimi nimekalia ubao waliokalia wale kumi na mmoja. Nawaomba mkumbuke maneno hayo, maana yatanirudia.

Basi kamati ilipoamua kulifufua gari kwa ajili ya mkutano wetu, mmoja alipewa magurudumu, mwingine turubai, mwingine rangi, nami nikapewa vibao. Vya zamani havikuwapo. Kitabu cha gari, kile tukiitacho logbuku, hakikuwapo pia. Mwenzetu mmoja mwenye moyo mwema akapendekeza tusijisumbue, tuandike tu herufi za jina la shule na mwaka ilipoanzishwa, ipendeze kwenye picha. Wengi wakapiga makofi. Mimi nikakataa, na kwa kuwa niliulizwa sababu, nitaieleza hapa kwa urefu kuliko nilivyoruhusiwa siku ile.

Kibao cha nambari si pambo, ni hati. Kilianza hivyo tangu mwanzo. Agizo la polisi wa Paris la tarehe 14 Agosti 1893 liliwataka wenye magari ya mota waweke kibao cha chuma chenye jina la mwenyewe, makao yake na nambari ya kibali chake, ili anayegonga mtu au punda asipotelee vumbini. Jimbo la New York lilipotunga sheria yake mwaka 1901, halikutoa hata nambari: kila mwenye gari alitakiwa aweke nyuma herufi za kwanza za majina yake, tena ajitengenezee mwenyewe. Watu wakachora kwenye mbao, wakachora kwenye bati, wengine wakafunga herufi za chuma juu ya kipande cha ngozi. Fikirini wenyewe ni watu wangapi katika mji mkubwa wanaochangia herufi mbili. Haukupita muda ila nambari zikaletwa, na mwaka 1903 jimbo jirani la Massachusetts likaanza kutoa vibao vyake lenyewe, vya chuma kilichopakwa rangi ya kuchomwa tanuruni.

Uingereza ilishika njia ya katikati, na njia hiyo ndiyo iliyotufikia sisi. Kwa sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1904, baraza la wilaya lilitoa nambari na kuiandika katika daftari lake, lakini kibao lilimwachia mwenye gari akatafute fundi. Lililoamriwa ni vipimo tu. Herufi iwe na kimo cha inchi 3 na nusu, upana wa inchi 2 na nusu, unene wa mstari wake sehemu tano kwa nane ya inchi. Nyeupe juu ya nyeusi. Ndiyo maana ukitazama magari ya zamani utaona mikono ya mafundi mbalimbali ilhali kimo ni kile kile. Vibao vyeusi vilitawala hadi vilipokuja hivi vinavyong'aa vikipigwa na taa, vyeupe mbele na vya manjano nyuma, ambavyo huko Uingereza vililazimishwa kwa magari yaliyoandikishwa tangu tarehe 1 Januari 1973. Hata leo sheria yao inaruhusu vibao vyeusi, lakini kwa magari ya kale yaliyoundwa kabla ya 1980 peke yake.

Kwetu Kenya, mtindo wa herufi tatu zinazoanza na K ulianza mwaka 1950, ukadumu hadi 1989 ilipoongezwa herufi ya nne mwishoni, kuanzia KAA 001A. Katika miaka tunayoizungumzia hapa, magari yetu yalivaa nyeusi na nyeupe kwa sura ile ile ya Kiingereza. Anayetaka ushahidi atazame picha za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tope limejaa mpaka kwenye vioo, lakini K ile inasomeka. Vijana watatambua pia kile kibandiko cheupe chenye umbo la yai na herufi EAK: EA ni Afrika Mashariki, K ni Kenya, Uganda wakiwa EAU, Tanganyika EAT, Unguja na Pemba EAZ. Nchi zilishaachana katika mambo mengi, lakini katika herufi hizo bado zimeshikana mikono.

Kwa hiyo nilisema kamatini: nambari ya gari iliandikwa mahali fulani na karani fulani siku fulani, ikapewa chasisi moja na si nyingine. Tukiibuni, tumeghushi. Wakanicheka kidogo, wakaniambia basi nenda ukaitafute.

Nikaenda kwanza kwenye gari lenyewe. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa kuwa lilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chasisi ndiyo ya chuma. Faida yake kwetu ni kwamba bodi hailiwi na kutu, na rangi hukaa juu yake tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Nilijua kwamba nyuma, upande wa kulia wa mlango, nambari ilikuwa imeandikwa kwa rangi juu ya bodi yenyewe, mistari miwili, herufi juu na tarakimu chini. Nikachukua msasa laini nikauloweka majini pamoja na sabuni, nikaanza kusugua rangi ya kijivu, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga uso.

Siku ya pili ikatokea weusi. Siku ya tatu ikatokea K, safi kabisa, nikapiga kelele hadi wanafunzi wakatoka darasani. Nikaipima: inchi 3 na nusu kamili. Lakini zilizofuata hazikueleweka. Herufi ya tatu ilikuwa na mguu usio wake, na tarakimu ya mwisho ukiitazama asubuhi ni 3, ukiitazama jioni ni 8. Nikaona kwamba mwandishi wa zamani alikuwa na mkono mbaya, nikamlaumu bure, Mungu anisamehe.

Nikageukia picha. Katika maktaba zimo mbili zinazofaa. Moja ni ya wale kumi na mmoja, Desemba 1963, wamejipanga mbele ya gari wamevaa tai, na kati ya magoti ya wawili wao kinaonekana kibao cha mbele chenye tarakimu ya mwisho: ni 8, haina ubishi. Nyingine ni ya timu yetu ya kandanda ya mwaka 1968, na mimi mwenyewe nimo, wa tatu kutoka kushoto, nikiwa na nywele. Gari liko nyuma yetu. Hapo ni 3, nayo haina ubishi.

Nililala vibaya usiku huo. Nikajaribu kujiambia kwamba ni kivuli, ni mkunjo wa karatasi, ni macho ya uzee.

Aliyenitoa gizani ni karani wa zamani wa stoo ya shule, mzee aliyekwisha kupita miaka tisini, ambaye nilimkuta nyumbani kwake akimenya mahindi. Nilipomweleza shida yangu hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, mbona hamkuniuliza? Yale yalikuwa magari mawili." Kisha akaniuliza kama daftari la mafuta bado liko kwenye kabati la chuma la ofisi ya mhasibu, rafu ya chini kabisa.

Lilikuwapo. Vijana wanaosoma historia wasikilize hapa. Mambo makubwa ya shule, hotuba, ziara za mawaziri, yameandikwa na watu waliotaka yaandikwe, nao waliyapamba. Daftari la mafuta halikupambwa na mtu. Lina safu nne: tarehe, nambari ya gari, galoni, sahihi. Kuanzia mwaka 1962 nambari inayoishia na 8 inaandikwa kila wiki, hadi mwezi wa Juni 1966. Kisha kuna kurasa za taa na mashine ya kusaga tu, galoni moja, galoni mbili. Mwezi wa Oktoba 1966 Land Rover linarudi kwenye safu, na nambari yake inaishia na 3.

Mzee alinisimulia yaliyo katikati. Gari la kwanza lilipinduka kwenye kivuko cha mto wakati wa mvua. Hakufa mtu, ila chasisi ilipinda isiweze kunyooshwa. Mwalimu mkuu wa siku hizo, mtu aliyejua kuibana shilingi mpaka ikalia, akanunua Land Rover jingine la mkono wa pili, la mtindo ule ule, ambalo liligongwa na lori likapondeka nyuma. Injini nzima, chasisi nzima, bodi ya nyuma hakuna. Na sisi tulikuwa na bodi ya nyuma nzima isiyo na chasisi. Mafundi wawili walifungua skrubu siku mbili, wakahamisha. Wakapaka rangi ya kijani juu ya nambari ya zamani, na mahali pale pale wakaandika ile mpya.

Nilirudi mbio kwenye gari nikiwa na tochi. Nikaimulika kwa upande, mwanga ukitambaa juu ya bati, nikaona wazi kile ambacho kwa wiki kadhaa nilikuwa nakitazama bila kukiona. Zilikuwa nambari mbili, moja juu ya nyingine, katikati yake kijani chembamba kama ganda la kitunguu. Upande wa kulia mkono wangu ulizidi kusugua nikaitoboa ya juu nikaifikia ya chini. Ndipo 3 ikapata tumbo la 8. Nikalala chini ya gari kutafuta nambari ya chasisi, ambayo katika mtindo huu hupigwa kwenye mkono wa mbele wa kulia unaoshika springi. Ikalingana na karatasi ya bima ya mwaka 1966 iliyokuwa katika faili la mhasibu.

Kwa hiyo chasisi niliyoikalia kwenda mechi haikwenda Nairobi mwaka 1963. Ubao wa nyuma ndio uliokwenda. Wajukuu zangu niliwaambia nusu ya kweli, bila kujua ni nusu ipi.

Sasa ikabaki kutengeneza kibao cha mbele, na kwanza kukata shauri ni nambari ipi. Wakongwe waliosoma hapa mwaka 1963 walitaka 8, na sababu yao ilikuwa na uzito: ndiyo nambari iliyoiona bendera. Mimi nilishikilia 3, kwa kuwa nambari hupewa chasisi, na chasisi ya 8 iliuzwa kama chuma chakavu kabla sijaingia kidato cha kwanza. Tulibishana vikao vitatu. Ilishinda 3, kwa kura moja.

Kibao chenyewe tulikijua sura yake. Katika picha ya 1968 kila herufi ina kivuli kidogo chini yake, maana yake zilikuwa zimeinuka, zikafungwa kwa ribiti juu ya bati jeusi; tena matundu manne ya kukishikilia bado yako kwenye bampa, yakatupa upana. Ningeweza kuagiza kutoka Uingereza, ambako wapo watengenezaji wa vibao vyeusi vya alumini hadi leo. Lakini vingi vyao hukandamizwa kwa mashine kutoka bati moja, hata ribiti hakuna, na kile chetu hakikuwa hivyo. Nikamwendea fundi wa jua kali huko Gikomba, kijana anayeyeyusha alumini ya injini kuukuu na kumwaga sufuria.

Nilikwenda na herufi nilizozichonga mwenyewe kwa mbao laini, kazi ya usiku kumi, na nilizichonga kinyume, kama muhuri, ili zikitoka ziwe sawa. Kijana akaziangalia, akaniangalia mimi, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hii K inatazama wapi?" Kumbe katika kalibu ya mchanga kitu hutoka kama kilivyoingia: unakilaza uso juu, unakishindilia mchanga, unapindua, unakitoa, na nafasi iliyobaki ndiyo sura yake halisi. Akanifundisha na jambo la pili. Alumini ikipoa hunywea kidogo, kama sehemu moja kwa themanini, kwa hiyo anayetaka herufi ya inchi 3 na nusu sharti achonge kubwa zaidi kwa unene wa ukucha. Nikarudi nyumbani nikachonga upya. Tarakimu 3 ilivunjika mara mbili kiunoni, ya tatu ikatoka nzuri kama yai.

Tulizipiga msasa juu ya kioo ili nyuso ziwe bapa, tukazipaka nyeupe, tukapaka bati rangi nyeusi ya mafuta mara tatu, tukafunga ribiti. Mwenzetu mmoja alishauri tukichakaze kwa tindikali na kukigongagonga kionekane cha miaka sitini. Hapo nilikuwa mkali. Kibao ni kipya. Kionekane kipya, kizeeke kwa mvua yake. Nyuma yake, mahali pasipoonekana mpaka ufungue skrubu, fundi alipiga kwa tindo mwaka tuliokitengeneza na neno NAKALA. Atakayekifungua siku moja asidanganyike kama nilivyodanganywa mimi na rangi ya kijani.

Jambo la sheria lisisahauliwe. Nilikwenda kuuliza kabla ya kumwaga hata herufi moja, na afisa aliyenipokea alinijibu kwa ufupi: kuonyesha uwanjani ni sawa, barabarani ni mashtaka. Vibao vya gari linalotembea hutolewa na mamlaka ya serikali peke yake, na tangu toleo jipya la Agosti 2022 vina alama za siri ambazo hakuna fundi wa Gikomba anayeweza kuziiga, wala asijaribu. Vingi vya vile tunavyoviona kila siku vimetengenezwa na wafungwa katika Gereza la Kamiti, ambao nadhani hawashukuriwi vya kutosha kwa unyofu wa herufi zao. Kwa hiyo ule msafara wa kwenda mjini na kurudi uliotangazwa katika toleo lililopita umefutwa. Gari litasimama chini ya mjakaranda, mbele ya ukumbi wa kulia. Najua wapo waliokasirika.

Nyuma hatukuandika kitu. Lile pande nililolisugua tumelipaka vanishi isiyo na rangi, na nambari zote mbili zimebaki pale zimekumbatiana. Nambari kamili siziandiki hapa. Njooni na tochi, muimulike kwa upande, kila mtu ajisomee.

Mmoja alikuja mapema. Ni kati ya wale kumi na mmoja, na katika kamati alikuwa mkali kuliko wote katika kuitetea 8. Baada ya kura hakuzungumza nami kwa mwezi mzima. Mwezi wa Januari alifika shuleni bila taarifa, akiwa na mjukuu na fimbo. Nikampa tochi. Alisoma kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Kisha akaomba ashikwe mkono, akapanda nyuma, akahesabu mbao kwa fimbo kutoka mlangoni, akaketi kwenye ya tatu, upande wa kushoto. Kengele ya chakula ilipolia tulimwita akasema tutangulie. Ilibidi mpishi amletee ugali wake pale pale.